Mayai ya Baba Yenu Mdogo

Sogeeni wanangu, mnisikilize nikiwa bado na pumzi. Na wewe kitinda mimba, toka hapo kwenye kioo cha mashine ya kutotolea; leo ni siku ya ishirini, na vifaranga hawahitaji kuchunguliwa. Naogopa. Neno hilo hamjawahi kulisikia kinywani mwangu, lakini leo naogopa mpaka vidole vimekuwa baridi, na si kifo peke yake ninachokiogopa.

Nyumba na chumba cha mashine ni vyenu wote watatu, msigombee kuta. Mashine aishike binti yangu, ana mkono mtulivu: mayai ayageuze mara tatu kwa siku mpaka siku ya kumi na nane, kisha ayaache, aongeze maji kwenye trei, na mlango usiguswe tena mpaka vifaranga wakauke. Yai lililokaa zaidi ya wiki asiliweke, na lenye uchafu asilioshe. Haya mnayajua, nimewapigia kelele miaka yote. Msilolijua ni kwa nini nikiusikia mlango ule ukilia, nakimbia kuufunga.

Mficha maradhi, kifo humfichua. Miaka ishirini na miwili iliyopita baba yenu alisafiri, akaniachia humo mayai mia tatu ya kuku wa mdogo wake. Siku kama ya leo nikasikia mlio wa kwanza ndani ya ganda. Loo, furaha ilinipanda kichwani! Nikafungua. Nikamwita jirani aje aone, nikafungua tena. Nikamwona mmoja anachelewa, nikamwonea huruma, nikaanza kumbandua ganda kwa kucha huku mlango uko wazi. Kutwa nzima nilikuwa kiguu na njia pale mlangoni, na unyevu wote ukatoka. Walitoka hai kumi na mmoja.

Nilivunja yai moja tu. Kifaranga alikuwa kamili, ana manyoya yote, mdomo umefika kwenye ganda, na utando umemkaukia mwilini kama gundi. Yai lililokaa sana halimfikishi kifaranga hapo, huharibika mapema. Nikajua kosa ni langu, na nikajua baba yenu akivunja hata moja naye atajua. Nikayazika yote nyuma ya choo kabla hajarudi, na aliponiuliza nikamjibu, "Labda shemeji alituletea mayai yaliyokaa."

Basi. Baba yenu mdogo aliapa, hakusikilizwa. Ndugu waliokula sahani moja wakawa wanapishana njiani kama hawajuani, mpaka baba yenu akaingia kaburini. Na siku ya mazishi, wewe Mkubwa, ulimfungia baba yako mdogo geti, na mimi mama yako nilikuona nikanyamaza. Usilie, ulifanya ulichofundishwa.

Wiki tatu zilizopita nilituma mtu akaniombee mayai kwake. Nilidhani nitaletewa matusi. Zikaja trei mbili, na kila yai limeandikwa kwa penseli tarehe lilipotagwa. Anasema huyo aliyezileta kwamba tangu mwaka ule mzee hajatoa yai bila tarehe, hata la kumpa jirani. Jamani! Mtu mzima, miaka yote hiyo, bado anajitetea kwa kosa langu.

Nimemwita. Naogopa afike, maana nitamtazama kwa macho gani? Naogopa zaidi asinikute. Nikitangulia, mwambieni ninyi, neno kwa neno, wala msinipambe. Mungu awaweke pamoja wanangu, awape moyo wa kukiri mapema, msije mkabeba... nipeni maji kidogo... msije mkabeba mzigo kama wangu.

Mnasikia? Wanadonoa. Hapana, kaa chini, usiende... watatoka wenyewe. Na hiyo hodi... ndiyo sauti yake, haijabadilika. Uwii, naogopa. Nishike mkono, binti yangu. Mkubwa, nenda wewe uliyemfungia... mlango wa mashine uacheni... geti, baba... geti lifungue.