Kile Kisima Kilikosa Nini?

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana, na sifa zote zimrudie yeye! Wengi mnanijua kama Mama Matata, msusi wa Kabalagala. Sikuja kulia hapa mbele, kulia nimeshalia nyumbani. Nimekuja kueleza jinsi Bwana alivyonitoa kwenye ugomvi wa miaka saba na dada yangu.

Dada yangu anaitwa Sifa. Ni mkubwa wangu. Ndiye aliyenishika mkono tulipotoka Bukavu baada ya kumzika mama, na ndiye aliyenifundisha kusuka. Tulifungua saluni pale Kabalagala: chumba kimoja, kioo kimoja, viti viwili. Sisi wasusi tuna sheria ambayo haijaandikwa popote, kwamba kichwa kikishakaa kwenye kiti chako ni chako. Siku moja akaja bibi harusi, akakaa kwangu. Nilikuwa na mimba ya miezi minane, nikatoka polepole kwenda kununua nywele za kuongezea. Niliporudi, Sifa alikuwa ameshasuka nusu ya kichwa. Alisema bibi harusi ana haraka. Nikasema huyu ni wangu. Akasema ni wa saluni. Nikarusha kitana, kikampata shavuni, mbele ya bibi harusi na wasindikizaji wake.

Kesho yake Sifa alibeba kiti chake akahamia chumba cha ng'ambo ya barabara. Mlango wake ukatazamana na wangu.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Ndugu zangu wa kwetu mnajua, jina la mtoto linaweza kuwa barua. Unaona haya kwenda kumtukana mtu, basi unampa mtoto jina, na kila ukimwita mhusika anasikia. Nikamwita Matata. Na nilimwita kwa sauti! Hata akiwa amekaa miguuni pangu, nilisimama mlangoni nikapaza sauti kuelekea ng'ambo: "Matata! Weye Matata, njo hapa!" Sifa aliinamisha kichwa akaendelea kusuka. Nami nikarudi ndani nimeridhika. Sikufikiri kwamba barua ile ina masikio.

Tena nilisahau kwamba mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo miaka saba nimeitikia Mama Matata, sokoni, hospitalini na humu kanisani. Hapo nilijichongea mwenyewe, simlaumu mtu.

Mtoto akaanza shule. Chaki ikipotea, wenzake wanamgeukia yeye. Kikombe kikivunjika, yeye. Akawa mkimya. Nyumbani nilimwita mara tatu ndipo aitike. Akitoka shule alipotea mpaka jioni, nikajiambia anacheza na watoto wa jirani. Lakini nywele nilizomsuka Jumamosi zilikuwa zinarudi Jumatano zimetengenezwa pembeni, safi kabisa. Mimi ni fundi wa nywele, ndugu zangu. Mkono ule niliujua, nikajifanya siujui.

Mnaikumbuka Jumapili ile pasta alipofundisha habari za Isaka. Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakaja wakasema maji ni yetu, naye akakiita Eseki. Pasta akatueleza kwamba kwa Kiebrania Eseki ni ugomvi, tena ule wa kugombea kitu, kila mmoja anavuta kwake. Nikakumbuka kichwa cha bibi harusi. Nikaanza kutazama dirishani.

Hapo mwanangu akasimama kwenye mkeka wa watoto. "Pasta, ile kisima ilifanyaka nini mubaya?"

Watu mlicheka, na mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Sababu na mimi, jina yangu ni vile." Akabaki amesimama, akingoja jibu.

Pasta akamjibu kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Hapana, mama. Haikufanya kitu. Maji yake ilikuwa muzuri."

Ndugu zangu, nilichomwa moyoni! Sikusikia vizuri yaliyofuata, ila hili nililishika: Isaka alikipa kile kisima jina, akakiacha. Cha pili wakakigombea pia, akakiita Sitna, yaani uadui, nacho akakiacha. Akasogea mpaka alipopata Rehobothi, ambayo ni nafasi. Isaka hakukaa Eseki. Mimi nilikaa pale, nikajenga, nikalea mtoto pale pale.

Nilifika nyumbani nikapiga magoti jikoni na kumwambia Bwana kwamba nimechoka, anitoe. Muhogo ukaungua. Nilipoinuka sikuona maono wala sikusikia sauti. Nilichoona ni kwamba lile neno la kumtupia Sifa, nililolibeba miaka yote, nimelitafuta mdomoni na halipo. Haleluya!

Jumatatu mchana nilivuka barabara. Sifa alikuwa kazini, mteja kitini. "Yaya, unisamehe," nikamwambia, maana kwetu dada mkubwa ndiye yaya. "Nilikupiga na kitana, halafu nikakupiga na mutoto."

Alimaliza kwanza ule msuko, maana hauachwi katikati. Kisha akageuka kuelekea mlango wa nyuma, akaita, "Nabintu! Mama yako amefika."

Nikajiuliza Nabintu ni nani. Mwanangu akatoka mbio, akaitika alipoitwa mara moja tu, na kitana mkononi. Nabintu ndilo jina la mama yetu, yule tuliyemzika Bukavu. Miaka yote mimi nikipiga kelele mlangoni, dada yangu hakulitamka lile jina nililompa mtoto hata siku moja. Alikuwa amempa nafasi, na mtoto alikuwa anakwenda huko kila siku kuitwa vizuri. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikalia mbele ya watu.

Namshukuru Mungu wa Isaka! Ndugu yangu unayenisikia, kama una kisima ulichokiita ugomvi, mwamini Bwana, kiache leo. Usingoje mtoto akuulize kilikosa nini. Viti vyetu viwili vimerudi mbele ya kioo kimoja, na bibi harusi akija, tunamsuka wote wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto.

Yupo pale mstari wa mbele, karibu na mama yake mkubwa. Nabintu, simama watu wakuone.