Tundu la Sikio la Neema

Mwangaluka, wapendwa! Bwana asifiwe mara ya kwanza, na asifiwe tena mara ya pili, maana habari yangu ya leo ni ya hiyo mara ya pili. Mimi ni Kabula, mjane wa hapa hapa Kasoli. Mdomo wangu mnaujua. Mchungaji amenipa dakika chache, nami nitajitahidi, ila asiangalie saa.

Ndugu zangu, miaka tisa iliyopita binti yangu alifariki siku ya kujifungua. Aliniachia mapacha, Kulwa na Doto. Baba yao alikuwa ameenda machimboni na hakurudi. Nilikuwa na ng'ombe saba wa marehemu mume wangu, na kati yao mmoja tu ndiye aliyekuwa na maziwa. Tulimwita Neema. Asubuhi nakamua, nachemsha, naongeza maji kidogo, nawanywesha kwa kijiko, huyu kisha yule. Naikumbuka miezi ile kama mtu anayesinzia. Mvuke wa maziwa, jua linapenya kwenye nyufa za ukuta, na chumba kimejaa pamba hadi usawa wa dirisha. Watoto nilikuwa nawalaza juu ya ile pamba, wanazama, unaona pua tu.

Ilikuwa ni miaka ile soko huria limeingia. Zamani pamba yetu ilienda ushirika, basi. Sasa kampuni hii inapita na mizani yake, kesho inapita ile. Hata dawa za mifugo, ambazo tulizoea kuletewa na serikali, zikawa zinauzwa dukani Bariadi mjini. Kila kitu biashara! Nikawa simwamini mtu yeyote aliyebisha hodi.

Bwana mifugo alipotangaza chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo, nilipeleka ng'ombe wangu joshoni, wakachomwa. Baada ya miezi sita akapita tena. "Mayu Kabula, mama yangu, uwalete tena."

Tena? Jamani, nilicheka! Mume wangu aliwachanja wale ng'ombe sotoka mara moja tu, wakatobolewa sikio iwe alama, na sotoka haikuwagusa. Hapa kwetu wote tulijua hivyo: ukiona tundu sikioni, kazi imekwisha. Nikamshika Neema sikio, nikamchungulia bwana mifugo kupitia lile tundu. "Tundu hili hapa, baba. Au unataka nimtoboe mpaka aishiwe masikio?" Watu wakaangua kicheko, nami nikavimba kichwa. Niliona ni ujanja wa kuuza sindano.

Jirani yangu Mbuke hakucheka. Naye ni mjane, kanizidi umri, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni. Aliwaswaga ng'ombe wake wanne taratibu kwenda joshoni, akarudi nao taratibu. Kila walipoitwa, alikwenda. Nikampa jina, nikamwita mke wa sindano.

Mwaka uliofuata ugonjwa ukaja. Nakumbuka asubuhi yake, vumbi limetanda jekundu, ng'ombe wamesimama zizini bila kutoa sauti. Mate yananing'inia midomoni, marefu, yanang'aa juani. Nilisimama nikiyaangalia kana kwamba ni kitu kizuri. Ndipo Neema akajaribu kutembea, akachechemea. Ulimi una malengelenge, kwato zinachubuka, chuchu zina vidonda. Nikimgusa, anatetemeka. Siku ya tatu ndama wake akafa. Maziwa yakakauka kabisa.

Eeh Bwana! Nikawapa watoto uji mwembamba, wakautapika. Ng'ombe wa karibu kila boma walikuwa wanaumwa, maziwa ningeyatoa wapi? Doto akaacha kulia. Mtoto anayelia una matumaini naye. Aliyenyamaza unamwangalia kifua tu, kama bado kinapanda.

Na ng'ombe wa Mbuke? Wazima! Mmoja tu alitoa mate siku mbili, akapona. Wengine wanakula nyasi kama vile hakuna jambo.

Sasa, ndugu zangu, hapa ndipo ilipo dhambi yangu. Nilikwenda kisimani na ndoo yangu, nikawaambia wanawake wenzangu, "Jiulizeni, kwa nini ng'ombe wake tu? Mwangalieni macho." Sikusema zaidi. Hapa kwetu hayo yanatosha mtu kuitwa mchawi. Mnajua vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa maneno mafupi kuliko hayo. Ilipofika jioni vijana walikuwa wanapita nyuma ya boma la Mbuke wakinong'ona. Nami nilikuwa muumini, nimebatizwa, naimba kwaya!

Kesho yake mchana, jua kali, nililala juu ya pamba, Kulwa huku, Doto huku. Usingizi ukanichukua kwa upole. Nikamwona marehemu mume wangu ameketi mlangoni mwa zizi, kamshika Neema sikio. Akaja mgeni amevaa lubega jekundu. Ng'ombe wote wakamtambua, wakainua pembe, akakimbia. Akazunguka ua, akarudi amevaa shati la karani wa pamba, anatabasamu. Ng'ombe wakamtazama tu, wakampisha, akaingia. Mume wangu hakunigombeza. Akasema, "Kabula, ni yule yule. Hukumtambua?" Nikainama nichungulie kwenye tundu la sikio, na upande wa pili nikamwona Mbuke amesimama kwenye mwanga, ana kibuyu mkononi.

Nikashtuka. Mlangoni kuna sauti: "Hodi."

Alikuwa Mbuke. Ana kibuyu mkononi.

Nikaketi pale pale, nywele zangu zimejaa nyuzi za pamba. Akaweka kibuyu chini. "Nimesikia uliyoyasema kisimani," akasema. "Hawa watoto hawajasema kitu. Chemsha uwape."

Wapendwa, nililia mpaka nikakosa sauti! Nilichemsha yale maziwa. Kulwa akanywa. Doto akaacha kijiko cha kwanza kimwagike, cha pili kimwagike, cha tatu akameza. Akafungua jicho akaniangalia. Asifiwe Bwana wa huruma!

Sikungoja jioni. Nilirudi kisimani, nikawaambia wote kwamba nimesema uongo, kisha nikawafuata wale vijana mmoja mmoja. Nikamwendea bwana mifugo nikamsimulia ndoto yangu. Akatabasamu. "Ndivyo kilivyo kirusi hiki, mayu. Cha sotoka hakikubadilika sana, chanjo moja ilimtosha ng'ombe maisha yake. Hiki kinajigeuza. Ng'ombe aliyefundishwa sura ya mwaka jana, mwaka huu anaweza asikitambue. Tena hata ile sura aliyofundishwa, mwili wake unaisahau baada ya miezi. Ndiyo maana tunarudi, tunamkumbusha, na tukipata chanjo inayofanana na kilichopo sasa, tunamfundisha na hiyo." Nikamuuliza kwa nini mmoja wa Mbuke aliugua. Akasema chanjo si ukuta wa mawe, lakini yule aliugua siku mbili tu, na wangu walikuwa bado hoi.

Mbuke aliniletea maziwa kila siku kwa miezi miwili, mpaka Neema akapona na watoto wakaanza kula ugali. Kulwa, Doto, simameni watu wawaone. Hao! Wako darasa la pili, na yule Doto aliyenyamaza, sasa hanyamazi hata akiambiwa.

Ndugu zangu, mwaminini Mungu, ila msimrudishe mtu aliyemtuma kwa sababu tu alishakuja jana. Bwana mifugo yuko joshoni kesho asubuhi. Ng'ombe wangu wamechomwa mara nyingi, nimeacha kuhesabu, na nitawapeleka.

Na jambo la mwisho. Mbuke, umekaa pale nyuma, nakuona. Mwaka ule nilikuomba msamaha mara moja, ukanisamehe, nikadhani imekwisha. Lakini mdomo wangu huu nao unajigeuza. Mwezi uliopita nimekusema tena, kwa jambo jingine, kwa maneno mengine, na hukuwa unajua. Mayu, nisamehe tena. Na mwakani nitasimama hapa hapa nikuombe tena, hata kama sitakuwa na kosa ninalolikumbuka.

Kesho ukiwaswaga wako, unipitie. Nitakufuata nyuma.