Don Ciriaco Huarachi, Aliyeinywesha Seva Bia

Tarehe 30 Aprili, saa sita mchana, baada ya miaka thelathini na minne ya kutuchosha roho, don Ciriaco Huarachi Terceros atavua koti lake la buluu, atakabidhi funguo za chumba cha picha, na kiwanda chetu cha uchapaji, Lucero Alto cha hapa Oruro, Bolivia, kitapata kimya. Nimeombwa niandike wasifu wake kwenye jarida la wafanyakazi kwa kuwa mimi ndiye mwenye maneno hapa, na hilo sibishi. Nimeendesha lori mpaka Iquique, nimeshona suruali São Paulo, nimebeba matofali Buenos Aires. Kote huko nimekutana na wakorofi wa kila aina, lakini sijaona mtu anayejua kumkera mwenzake kwa nia njema kama huyu mzee.

Aliingia kiwandani kufagia vipande vya karatasi chini ya mashine ya kukatia. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anamfundisha fundi wa mashine namna ya kukata. Ili fundi apumzike, wakampeleka chumba cha picha, na huko akaota mizizi. Enzi za filamu alisafisha picha kwa brashi nyembamba kama unyusi. Zilipokuja kompyuta, alijifunza kompyuta kwa kuzigombeza.

Mabango ya Kanivali ya nusu ya vikundi vya ngoma vya mji huu yamepita mikononi mwake. Kuna kiongozi mmoja wa kikundi cha ngoma ya morenada, simtaji, aliyepata shingo kwa mara ya kwanza maishani kwenye bango letu. Kuna pia bibi harusi aliyefutiwa alama yake ya kuzaliwa shavuni, don Ciriaco akidhani ni vumbi. Bibi harusi alikuja na mama yake, mama akaja na mwavuli, na alama ikarudishwa siku hiyohiyo, kubwa kidogo kuliko ile aliyopewa na Mungu.

Alifundisha watu wawili waliobaki naye mpaka leo: doña Basilia Colque, anayelea wajukuu wawili kwa kazi ya chumba kile, na Nilda Poma, ambaye nyumba yake ina kuta nne na bado inasubiri paa. Aliwafundisha kwa kusimama nyuma yao akipumua. Lakini seva hakuna aliyeigusa. Seva ilikuwa yake, kibodi ya seva ilikuwa yake, na ukiuliza kwa nini, alikujibu kwamba mswaki hauazimwi.

Sasa nifike kwenye mambo ya mwaka huu, maana hayo ndiyo kila mtu anataka kuyasoma.

Mwezi wa kwanza, leseni ya ile programu ya kununua tuliyosafishia picha iliisha. Meneja wetu, licenciada Ximena Urquidi, alipotajiwa bei mpya, aliweka sambusa yake ya salteña mezani bila kuimaliza, na sisi tunaomjua tukaelewa kwamba kuna mtu ataumia. Akaitisha mkutano. Picha zitapelekwa La Paz, zisafishwe huko, zirudi tayari kuchapwa. Chumba cha picha kifungwe. Doña Basilia na Nilda waende nyumbani.

Don Ciriaco akasimama, shavu limejaa majani ya koka.

"Licenciada, ipo programu huria. Ya bure, ya watu wote, hata anayetaka kuifungua tumbo aone ndani anaruhusiwa. Unaiweka kwenye seva mara moja tu, halafu kila mtu anaifungua kwenye kivinjari chake na kusafisha picha. Hata kwenye ile kompyuta ya doña Basilia inayokohoa."

"Na nani ataiweka?"

"Nani mwingine?"

"Basi Jumatatu baada ya juma la Kanivali," akasema licenciada. "Ikifunguka kwenye kila meza, chumba kinabaki. Isipofunguka, don Ciriaco, tusilaumiane."

Ndugu zangu, nimeshawahi kubadilisha gurudumu la lori kwenye mteremko, mvua ya mawe inanipiga kisogoni. Afadhali hilo. Kuiweka programu ile ilikuwa kama kumwalika mgeni mmoja chakula cha mchana, naye akakuambia haji bila shemeji yake, na shemeji haji bila mama mkwe, na mama mkwe hali kitu mpaka ubadilishe jiko. Programu ilitaka kipande fulani cha programu nyingine. Kile kipande kikataka toleo jipya la kitu cha tatu. Kitu cha tatu kikasema seva yetu ni ya kizamani. Intaneti ya kiwandani, ambayo hata mvua ya Cochabamba huiyumbisha, ilishusha faili karibu yote, ikakata, ikaanza upya. Don Ciriaco alitukana kwa Kihispania mpaka kikamwishia, akahamia Kiquechua.

Hatimaye seva ikakubali. Akafungua kivinjari kwa madaha, sisi wote tumejipanga nyuma yake. Ukurasa ukaja mweupe. Mweupe pe, kama jangwa la chumvi la Uyuni.

"Inafikiri," akasema don Ciriaco.

Ilifikiri siku nzima.

Nilda ndiye aliyeinama akasoma maandishi madogo kwenye skrini ya seva. "Don Ciri, hapa inasema ruhusa imekataliwa. Haya mafaili umeyaweka kwa jina lako peke yako. Seva yenyewe hairuhusiwi kuyasoma."

"Ndiyo, nimeyalinda."

"Umeyalinda mpaka na mwenye nyumba, don Ciri!"

Akanung'unika, akabadilisha, na Alhamisi ya kabla ya Kanivali, mchana, programu ikafunguka. Vifaa vyote vikajipanga pembeni: brashi, mkasi, kifutio, rangi. Nilda akamfuta mbwa aliyepita nyuma ya picha ya askofu. Doña Basilia akalia kidogo, akasingizia wino.

Hapo mtu mwenye akili angefunga mlango aende nyumbani. Lakini kesho yake ilikuwa Ijumaa ya challa.

Kwetu, Ijumaa ile ya kabla ya Kanivali kila kinachotulisha hupewa kinywaji chake. Mashine kubwa ya kuchapia hufungwa utepe wa karatasi, lori la kiwanda ninaloliendesha hupambwa kwa maua na vikaratasi vya rangi, pombe humwagwa kidogo pembe nne za chumba kwa ajili ya Pachamama, Mama Ardhi, kisha tunakunywa iliyobaki, ambayo kwa kawaida ndiyo nyingi. Seva ilikuwa haijawahi kupewa chochote. Don Ciriaco mwenyewe alikuwa amepiga marufuku hata kikombe cha uji wa api kisipite karibu nayo.

Mwaka huu akabadili mawazo.

"Ndiyo maana ilitusumbua," akasema, chupa ya bia mkononi. "Tumeichomeka kwenye umeme kama yatima. Hakuna aliyeikaribisha."

"Mwagia sakafuni, don Ciri," akasema doña Basilia. "Sakafu ndiyo Pachamama, siyo hilo sanduku."

"Tone moja tu."

"Don Ciriaco, nakusihi!"

Alikwisha kuizungushia utepe na kuimwagia vikaratasi vya rangi kiganja kizima. Feni ya seva, ambayo kazi yake ni kuvuta hewa, ikavuta sherehe yote ndani. Na ile bia aliitikisa kwanza ndipo akairushia, kama tunavyofanya kwa lori. Lori lina bodi ya chuma. Seva ina matundu.

Ikapiga mlio mmoja, kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani. Ikazimika. Harufu ya bia iliyoungua ikajaa chumbani, na nje bendi ya kikundi cha jirani ikaanza mazoezi wakati uleule, matarumbeta juu, kana kwamba tumewaita.

Sitasema tulimwambia nini. Jarida hili husomwa na familia. Nitasema tu kwamba doña Basilia alikaa kwenye kiti chake, akavaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Don Ciriaco alimtazama yeye. Alikuwa na kikaratasi cha waridi kwenye sharubu na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtolea.

Kanivali ikaingia, Oruro yote ikaenda kucheza. Hapa Jumamosi ile hata wagonjwa hupona. Kiwandani walibaki don Ciriaco na doña Basilia, na seva iliyofunguliwa kifuniko, Basilia akichokonoa vikaratasi kwa brashi yake ya picha, kimoja kimoja, huku akisonya. Mimi nilikuwa napeleka maji kwenye njia ya maandamano, nikapita kuwaletea nyama kavu ya charquekán, basi niliyaona kwa macho yangu. Seva haikuamka. Ikabidi wachukue kompyuta ya zamani ya uhasibu na kuanza mwanzo kabisa: shemeji, mama mkwe, jiko, wote.

Na hapo likatokea jambo ambalo sikutegemea kuliona nikiwa hai. Don Ciriaco alikuwa anakosea herufi, kila amri akiiandika inakataa. Akasukuma kiti nyuma.

"Andika wewe, Basilia."

"Mimi?"

"Kwani nimemwita Mtakatifu Martín? Andika."

Jumapili akaja Nilda, amecheza tangu asubuhi, buti nyekundu mpaka magotini, sketi inang'aa kama samaki, akakaa kwenye kibodi bila kuvua hata kofia. Don Ciriaco amesimama nyuma, anapumua. "Siyo hapo! Rudi! Soma kwanza kabla hujabonyeza, binti, au kule kwenye dansi mnabonyeza tu?" Naye Nilda, bila kugeuka: "Kule kwenye dansi, don Ciri, hatuwanyweshi wenzetu kwenye matundu." Wiki nzima iliyofuata ilikuwa hivyo. Kila amri waliiandika wao. Mzee alipiga kelele tu, na kusema kweli nusu ya kelele zenyewe hazikuwa na faida, ila aliijua njia, na walipopotea waligeuka wakamuuliza.

Jumatatu licenciada alikuja na kuanza mezani kwangu, ambapo kompyuta hutumika zaidi kuwekea kofia. Ikafunguka. Akaenda kwa muuza karatasi, kwa wahasibu, kwa mlinzi wa lango. Ikafunguka kote. Akakaa mwenyewe, akachukua picha ya Kanivali ya kampuni, akafuta kopo la bia miguuni pa padri, akaangalia, akaridhika.

"Chumba kinabaki," akasema.

Nilda alipiga kelele iliyosikika mpaka kituo cha treni. Lakini licenciada hakuwa amemaliza, na alikuwa anatazama mikono yake.

"Kinabaki na viti viwili. Hii programu inafanya kazi upesi, mmeona wenyewe. Watu watatu siwezi kuwatetea mbele ya wenye kampuni. Mmoja itabidi aondoke."

Kila mtu alijua hesabu inakwenda wapi. Don Ciriaco ndiye mkongwe, na mkongwe hagusiki. Nilda ni kijana na ana kasi. Doña Basilia akaanza kukusanya vitu vyake mezani, taratibu, kama mtu anayeondoa vyombo baada ya chakula.

"Weka chini hiyo brashi, Basilia," akasema don Ciriaco. "Licenciada, toa kiti changu. Mguu wake mbovu hata hivyo."

"Usijifanye mtakatifu hapa, don Ciriaco," doña Basilia akamkaripia. "Ulituambia utafia humu ndani."

"Nilitishia tu. Nyinyi mnaweza kuiweka hiyo programu mkiwa mmelala. Mimi nimeiweka mara moja, nikaiua."

Tulimbishia mchana kutwa. Licenciada mwenyewe alimwambia aende alale, afikiri, arudi kesho. Akarudi kesho, amevaa koti lilelile la buluu, na jibu lilelile. Ukitaka kujua kukereka, jaribu kumzuia mtu mkaidi anayefanya jambo jema.

Basi don Ciriaco, kwa niaba ya wote wa Lucero Alto, ahsante kwa shingo ulizowapa watu, kwa nyuso ulizozing'arisha, na hata kwa matusi, ambayo baadhi yake nimeyapeleka mpaka Iquique na yamefanya kazi vizuri. Umetukera vya kutosha. Nenda ukanywe api yako ikiwa bado ya moto, ukae juani upande usio na upepo, afya ikuzoee na usingizi ukupende. Ukisikia mikono inawasha Jumatatu asubuhi, tulia huko huko. Basilia na Nilda wako kazini.