Birika Nimemwachia Bassu

Sogeeni, wanangu, Tuda binti yangu kulia kwangu na Bassu kaka yake kushoto, na mlango ufungwe, maana sauti iliyobaki ni ndogo na siipotezi kwa majirani. Nyumba mtagawana kama sheria inavyosema, mbuzi ni wa Bassu, mtambo wa kufumia mazulia ni wa Tuda. Hayo yameisha, na atakayeyagombania nikiwa kaburini, sikumzaa mimi.

Ninachoogopa ni Alhamisi.

Tuda, umechaguliwa diwani, na Alhamisi baraza linapiga kura ya kumkodishia chemchemi yetu yule tajiri wa mashamba ya matufaha kule bondeni. Mkono wako ndio utakaoamua tunywe au tununue maji, na mwenyekiti, Haji Haddu, analijua hilo kuliko wewe. Walimu wa mjini waliwafundisha ninyi wanawake mliochaguliwa kusoma bajeti na kudai nafasi ya kusema, wakafundisha vizuri, siwatukani. Lakini hakuna hata mmoja aliyewaambia habari ya sinia la chai.

Izza, diwani wetu wa kwanza mwanamke, hakuwa mjinga. Siku ya kura ya malisho Haji alimchekea kwa meno yote: "Bibi Izza, hakuna anayemimina kama wewe, hebu tuheshimu leo." Nani kwetu hukataa heshima ya kumimina? Akaenda chumba cha pili, akachambua mnanaa, akavunja sukari, akaonja, akaonja tena, na aliporudi na povu juu ya kila bilauri, mikono ilikuwa imeshanyooshwa na kushushwa. "Kura gani tena, bibi? Kaa, unywe." Malisho yakaenda hivyo, na wanawake waliomchagua wanapishana naye njiani hadi leo bila salamu.

Nilikuwa nikiwalaani wanaume wale tu, mpaka juzi Bassu alipoingia na wageni, nikakuona, Tuda, umeshainuka kabla hajafungua mdomo. Adabu hiyo nilikutia mimi, kwa vibao, na sasa naiogopa kuliko kaburi.

Kwa hiyo birika na sinia namwachia Bassu. Usicheke, wewe! Utajifunza kumimina, na dada yako akiwa na karatasi za baraza mkononi, wewe ndiye utakayewainukia wageni. Na wewe Tuda, wakikuomba Alhamisi, sema, "Haji, mimina mwenyewe, mimi nimekaa." Ukibanwa na mkojo, jikaze. Watasema hukulelewa. Waache waseme, niliyekulea ni mimi, na mimi nimekuruhusu.

Koo limekauka... Nipeni maji...

La! Kaa, Tuda! Kaa, nimesema! Umeona? Neno halijaisha, umeshasimama. Hivyo hivyo ndivyo watakavyokuchukulia chemchemi. Haya, tena. Mama yako anakufa na kiu, mwanangu, anakuomba maji, ni maji kidogo tu...

Umekaa? Macho yangu hayaoni vizuri, nipe mkono niushike... Ndiyo. Unavuta uinuke. Vuta tu, mama, lakini kaa.

Bassu, maji lete wewe... polepole, usimwage... Mungu awatunze, msikosane... na mkono huu, Tuda, Alhamisi... uwe juu wakihesabu wanaokataa... Usiinuke hata nikinyamaza... kaa...