Mzee Penseli, Msomaji wa Madoa

Marehemu, ambaye kazini na mtaani wengi mlimjua kama Mzee Penseli, alizaliwa tarehe 4 Machi 1952 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako baba yake alikuwa fundi wa mashine. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Mama yao alisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema mpaka majirani wakaanza kumtazama kwa huruma, na siku alipofungua kinywa alisema, "Chai ina chumvi." Ni kweli, ilikuwa na chumvi. Dada yake mdogo, ambaye ndiye anayesoma maelezo haya, hakuwa amezaliwa bado, ila kisa hicho amekisikia mara nyingi kiasi kwamba anaweza kuapa alikuwepo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza sekondari ya bweni mwaka 1970. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mkiani, lakini kemia ilimwingia damuni. Mwaka 1971 alijiunga na chuo cha mafundi wa maabara, akahitimu stashahada mwaka 1974.

Februari 1975 aliajiriwa katika maabara ya kupima dawa, akadumu hapo mpaka alipostaafu Machi 2012. Kwa wasioijua kazi yake, ilikuwa hivi. Dawa iliyoyeyushwa ilidondoshwa, kitone kimoja tu, karibu na ukingo wa chini wa kibao cha kioo kilichopakwa unga mweupe. Kibao kilisimamishwa ndani ya chupa yenye kimiminika kidogo. Kimiminika kilipanda polepole kikibeba vilivyomo ndani ya dawa, kila kimoja kwa mwendo wake. Kibao kikikauka kilibaki cheupe pe, utadhani hakuna kilichopita hapo. Sasa ndipo marehemu alipokunja mikono ya shati. Alikiweka chini ya taa ya mwanga wa zambarau, kwenye chumba chenye giza, na baadhi ya vitu vikajitokeza kama madoa meusi. Visivyojitokeza alivifungia pamoja na chembe za iodini mpaka vikageuka rangi ya kahawia. Vilivyozidi ukaidi alivinyunyizia kemikali na kuvipasha moto juu ya jiko la umeme. Madoa ya iodini hufifia upesi, kwa hiyo penseli haikubanduka sikioni mwake. Kila doa alilizungushia mstari kabla halijapotea. Wenzake wakampa jina.

Vijana wa maabara walimpenda, ila kuna jambo moja lililowachosha. Walipochungulia mara moja chini ya taa na kutaka kuandika kwamba hakuna kitu, ili wawahi basi, aliwarudisha mezani. "Sema hujakiona," aliwaambia. "Kama hakipo, hilo ni jambo jingine."

Tarehe 12 Julai 1986 alifunga ndoa na mpokea simu wa ofisi ya jirani, mjane mwenye sauti iliyomfanya marehemu apige simu hata pasipo sababu. Mkewe alikuja na binti wa miaka minane. Baba mzazi wa mtoto alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na mtoto bado alilala na koti lake. Mtoto hakumtaka mgeni huyu. Hakumtolea maneno mabaya, ila hakumwita kwa jina lolote. Chakula kilipoiva alimwambia mama yake, "Mwambie chakula tayari," na marehemu amesimama pale pale. Naye alijibu kwa njia hiyo hiyo, "Mwambie nashukuru." Mama wa watu akalalamika kwamba kazi ya kuunganisha simu imemfuata mpaka nyumbani.

Picha ya baba mzazi wa binti ilitundikwa sebuleni, na aliyepigilia msumari ni marehemu mwenyewe. Ndugu zake walimsema sana. Walimwambia anajisumbua bure, mtoto yule hampendi wala hatampenda. Aliwajibu kwamba wao ni walewale vijana wa basi. Lakini ilimuuma. Alitamani kuitwa baba na mtoto huyo kuliko alivyowahi kutamani cheo chochote, na dada yake alipomuuliza kama siku hiyo imefika, alianza kuzungumzia mvua.

Desemba 1988 mkewe alipolazwa kujifungua mtoto wao wa kiume wa kwanza, marehemu alimchukua binti akaenda naye kazini. Akampa kibao kimoja achore mstari wa kuanzia. Mstari huo huchorwa kwa penseli tu, maana wino huyeyuka. Binti akachukua kalamu nyeusi. Kimiminika kilipopanda kikabeba na wino, na kibao kizima kikajaa bluu, zambarau na manjano. Sampuli yenyewe ilikuwa ya haraka, ikingojwa hospitalini. Binti akainamisha kichwa akisubiri kugombezwa.

Marehemu alikiinua kile kibao kwenye mwanga. "Njoo uone," akamwambia. "Kumbe nyeusi ilikuwa imeficha wenzake watatu."

Kazi akairudia yote peke yake. Kibao kile akakiweka juu ya meza yake, na wageni waliopita walidhani ni uvumbuzi mkubwa. Jioni hiyo, wakiwa wanarudi, binti alimwita Mzee Penseli, kama alivyosikia kwa watu wa maabara. Marehemu akaridhika na jina hilo. Akaitwa hivyo miaka yote, hata baada ya mtoto wa mwisho kuzaliwa mwaka 1991, hata siku ya harusi ya binti. Alipostaafu, binti alikwenda na gari kumbebea vitu vyake, akakikuta kibao mezani, rangi zimepauka. Alikifunga katika kitambaa chake cha kichwa na kukipakata njia nzima.

Mwaka 2021 moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Miguu ilivimba na pumzi ikawa fupi. Mkewe na wanawe walimuuguza kwa zamu, na binti ndiye aliyemnyang'anya chumvi bila huruma. Siku chache kabla ya kifo alimwita dada yake. "Mkifika kwenye orodha ya watoto," alisema, "muulize binti kama anataka kuwemo. Akikataa msimnunie. Ana baba yake." Alifariki Jumamosi tarehe 9 Septemba 2023, asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Dada aliuliza kama alivyoagizwa. Ilikuwa jikoni, binti akiosha vikombe.

"Shangazi," alisema, "na hilo nalo ni la kuuliza?"

Wakalia wote wawili, vikombe vikabaki kwenye maji. Baadaye binti akasema aandikwe wa kwanza, na maneno "mtoto wa kufikia" yasionekane popote.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wa kwanza wao akiwa binti huyo, wajukuu watano, kaka mmoja na dada mmoja. Mstari wa mwisho binti aliomba auandike mwenyewe, nao ni huu:

Pumzika sasa, Baba.