Mvua Ilinikuta Golini

Mungu apewe sifa yake, bapapa na bamama, na ninyi nyote mupewe amani. Mimi naitwa Riziki, wa hapa Kadutu. Wengi munanijua kama golikipa wa timu ya wanawake ya parokia yetu, timu ya mpira wa magongo. Ndugu zangu, nasimama kusema yale Mungu alinitendea kupitia timu iliyokuwa inapigwa kila mara.

Kabla ya hapo nilikuwa mutu wa kujifungia. Mvua kubwa ilishusha udongo wa mulima juu ya nyumba yetu, ukamchukua mama yangu. Mimi nilikuwa sokoni. Tangu siku ile, wingu likitanda tu juu ya ziwa, mikono inatetemeka, pumzi inakata. Nilikimbilia kwa majirani na kujifunika kitenge kichwani mupaka mvua ipite. Niliacha kuuza sombe, majani ya muhogo. Niliacha hata kusali, maana nilikuwa na hasira na Mungu, sifichi.

Aliyenitoa ndani ni Nsimire, kapiteni wetu, muuguzi kule Ibanda. Alipanda njia yetu ya kuteleza, akabisha, akaniita kama dada yake mukubwa: "Yaya Riziki, tunakosa golikipa. Wewe uko mukubwa, utajaza goli." Nilicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko. Nikamfuata.

Timu yenyewe ilikuwa ya kuhurumiwa. Magongo tulichongewa na seremala, na watu wakituona nayo barabarani wanauliza ng'ombe zetu ziko wapi. Tulifungwa na kila timu. Kocha alituacha, akaenda Kamituga kutafuta dhahabu. Wachezaji nao wakapungua. Mwishowe padri akatuambia kwa upole: tusipopata hata pointi moja, kiwanja atawapa vijana wa mpira wa miguu.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilimujua Nsimire. Hakulalamika. Alikuwa anatoka zamu ya usiku, macho mekundu, anakuja moja kwa moja kiwanjani kutuzoeza. Aliyekosa hakumugombeza, alimwonyesha tena, na tena. Sijaona mutu mwenye uvumilivu kama ule.

Tukafika mechi ya mwisho, bado bila pointi. Walitufunga mapema, lakini kipindi cha pili Nsimire akasawazisha. Halafu, wakati umebaki kidogo na wapinzani wamepata kona, mvua ikashuka kwa nguvu. Nilisahau mechi. Masikioni nilisikia mulima ule tu. Nikatupa gongo chini, nikaanza kutoka golini.

Nsimire akanikimbilia, akanishika mabega.

"Yaya, unaogopa?"

"Naogopa sana. Niache niende."

"Ogopa tu. Lakini ogopea hapa, pamoja na sisi. Hatutakuacha."

Wenzangu wote wakasogea, wakasimama karibu yangu katika matope. Nami, niliyekuwa nimeacha kuomba, nikasema: Bwana, nishike. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Niliona tu kwamba miguu yangu imesimama. Nikaokota gongo.

Mpira ukapigwa. Ulipita katikati ya miguu ya watu, nikajirusha, ukanigonga gotini na kutoka nje. Filimbi ya mwisho ikalia. Sare, ndugu zangu! Pointi moja! Padri mwenyewe aliingia ndani ya matope na viatu vyake vya misa, akatukumbatia.

Tulimaliza wa mwisho, sitawadanganya. Lakini kiwanja kimebaki chetu, na Jumapili iliyofuata wasichana walikuja kuuliza namna ya kuingia kwa timu. Mimi nimerudi sokoni. Mvua ikinyesha moyo bado unapiga, lakini nabaki na wateja wangu, napima sombe yao.

Namushukuru Mungu, na mbele yenu namushukuru Nsimire, ambaye sasa anainamisha kichwa kwa haya pale nyuma. Na wewe uliyekaa na hofu ambayo haujamwambia mutu, usingoje iishe ndipo umwendee Bwana. Mwendee nayo leo. Mimi alinipokea nikiwa bado natetemeka.