Aliyempokea Fundi Bomba

Tangu treni iondoke, fundi bomba aliyepakata kisanduku cha spana alikuwa anafoka kuhusu muuguzi mgeni aliyeajiriwa katika wodi ya wazazi. "Mtu katoka ng'ambo ya mto, anakuja kushika watoto wetu. Kwani wauguzi wetu wamekwisha?" Behewa zima likamuitikia. Kuitikia ni kazi nyepesi, hata aliyesinzia anaiweza.

Mama aliyeketi kando yake, ambaye hakumjua, alivua miwani. "Samahani baba, wewe ulizaliwa wapi?"

"Ng'ambo. Lakini hiyo haihesabiki. Mama alishikwa na uchungu safarini, na hospitali ya huko ndiyo iliyokuwa karibu."

"Na nani alimpokea?"

"Muuguzi mmoja wa hukohuko. Mama anasema alimfulia nguo siku tatu." Alilisema kwa fahari, utadhani nguo alifua yeye.

"Alimuuliza kwanza ni wa wapi?"

"Sikiliza mama, zamani watu walikuwa na utu."

"Walikuwa nao," mama akasema. "Wa ng'ambo."

Mimi niliyeketi mbele yao nikadhani fundi anatafuta jibu. Kumbe alikuwa anamkagua kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani. Treni ilipofunga breki akauliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Kwani wewe ni wa wapi?"

Mama alichukua mkoba wake akashuka. Behewa zima tulimsindikiza kwa macho, na mimi niliyekuwa nikimuunga mkono moyoni muda wote nilijikuta nauchunguza uso wake, nikitafuta jibu.